Mzuka wa Kona ya Tatu

Walitupeleka kwa basi la shule, darasa lote la sita,
hadi bustani ya michezo iliyo njia ya Dunga,
palipokuwa zamani ghala la pamba.
Kuta zilezile, mabati yaleyale,
ila juu ya mlango fundi wa Kibuye amechora fuvu
lenye meno mengi kupita haki yake,
na chini ya fuvu, kwa rangi inayochuruzika: NYUMBA YA MIZUKA.
Herufi ya Z ameigeuza. Hata hiyo ilitutisha.

Mwalimu Nabwire alihesabu vichwa, kisha akabaki nje.
Alisema ana presha.

Vigari vinne juu ya reli, wawili wawili,
chuma cha kufungia mapaja kinanuka jasho la waliotangulia.
Nilikaa na Ochola Ragot, bingwa wa kupanda mapaa,
ambaye tangu asubuhi alikuwa anatucheka sote.
Mlango ukatumeza.

Kona ya kwanza: jeneza, kifuniko kinapanda na kushuka
kama mdomo wa kamongo juu ya meza ya soko.
Kona ya pili: utando wa pamba, buibui wa waya,
kilio cha kaseti kinachokwama palepale kila mara
kama kondoo mwenye kwikwi.
Tulipiga kelele kwa adabu, kelele ya pesa tulizolipa.
Kona ya tatu, stima ikapotea.

Hilo halikuwa giza la kuchora.
Kilio kikakatika. Reli zikanyamaza.
Jeneza nyuma yetu likafunga mdomo.
Nikasikia popo wa kweli darini, maji yakidondoka mahali,
na Ochola Ragot, bingwa,
akimwita nyanya yake.

Ndipo mkono ukanishika shingo.

Ulikuwa baridi, umepakwa unga, kucha za karatasi.
Lakini kidole gumba kilikuwa na kovu,
lile la kisu cha kuparia samaki,
na chini ya unga kulikuwa na harufu
ya sabuni ya mche na moshi wa mbuta,
isiyotoka hata usugue kwa ndimu,
ambayo nimelala nayo kila usiku wa maisha yangu.

Mama alituambia amepata kazi ya kufagia.

Vidole viliitambua kola yangu, pale alipoishona jana
kwa uzi mweusi, kwa kuwa mweupe ulikwisha.
Vikatulia. Mzuka akavuta pumzi.
Sisi wawili gizani, kila mmoja akijua,
na wenzangu saba wakilia mbele na nyuma.
Akainama sikioni:
"Umekula?"
Nikaitikia kwa kichwa.
Ndiyo yangu aliisikia kwa kiganja.

Jenereta ikakohoa uani. Taa nyekundu zikarudi.
Alikuwa amevaa shuka, glopu mbili kwenye paji la uso,
rangi ya viatu midomoni,
na kwa sekunde moja alinitazama kama mtu aliyekutwa akioga.

Basi nikapiga kelele.
Sijapiga tena kelele kama ile tangu siku hiyo,
kelele ya kumsitiri, pana kama leso,
hadi Ochola akaziba masikio
na huko nje Mwalimu Nabwire akashika kifua.
Mzuka akapata nguvu. Akarusha mikono,
akanguruma kama aliyelipwa mara mbili.

Usiku alikuwa akichambua omena kwenye ungo.
Unga umebaki kwenye nyusi moja.
"Ilikuwaje huko?" aliuliza, macho hayatoki kwenye ungo.
Nikamwambia jeneza ni la ovyo. Buibui, wa kuchekesha.
"Lakini yule wa kona ya tatu," nikasema,
"yule, Mama, anaijua kazi yake."

Akageukia jiko kupuliza makaa
ambayo yalikuwa yanawaka vizuri tu.